Wanaume wa mtaa mmoja tumeanzisha klabu yetu, tusiishie kuchangia misiba tu. Tufanyeje?

Mhamiaji wa Nzuguni:

Mbukwenyi wakuu. Niko Dodoma, Nzuguni huku, naomba mawazo maana najua kuna watu mmeshapita kwenye haya mambo.

Iko hivi, mtaani kwetu wanaume tulikuwa tunajuana msibani tu. Wengi tulikuja huku serikali ilipoanza kuhamia kuanzia 2016, wengine ni madereva, mafundi, wafanyabiashara, halafu kuna wazee wenyeji ambao ndo waliotuuzia viwanja, sasa unakaa na jirani miaka jina lake hulijui unamwita baba Ester basi imeisha. Tukaona hii siyo sawa, tukaanzisha umoja wa wanaume watu wazima, tupo kama thelathini na kitu hivi, tunakutana jumapili moja kila mwezi jioni. Tukakubaliana mambo manne: kujitolea mtaani, kujifunza historia ya hapa tunapoishi ili watoto wasijione wapangaji, kufuatilia afya zetu, na kujiandaa na majanga maana mvua zikinyesha korongo letu linakuja kwa hasira kama limetumwa.

Kwenye karatasi imekaa poa sana. Kiuhalisia tunachangisha rambirambi na kubishana Simba na Yanga wasap. Kuna wanaotaka tuweke hisa tukopeshane, kuna wanaotaka diwani awe mlezi, kuna mzee mmoja yeye kila kikao anauliza sare lini. Mahudhurio yameanza kushuka.

Nauliza, mliofanikiwa mlianzia wapi? Na je tusajili kwanza au tufanye kazi kwanza? Wake zetu nao wanatuuliza huko jumapili jioni mnafanya nini, kusema kweli jibu la maana hatuna.

---

Kijiwe cha Makole:

Wanaume thelathini wanakutana jumapili jioni na hakuna kitimoto wala kinywaji? Mkuu hapo hata mimi ningekuwa mkeo ningekufuatilia 😂

---

Katibu Mstaafu:

Mkuu Nzuguni, mimi vikundi vya namna hii nimevikatibu sana mpaka mwandiko umeharibika, ngoja nikwambie bila kupaka mafuta. Vikundi vya wanaume huwa vinauliwa na vitu viwili, mkopo na uchaguzi. Siyo uvivu kama watu wanavyosema.

Tuanze na mkopo. Siku mkianza kukopeshana, mada ya kila kikao inakuwa nani hajarejesha. Aliyekopa anaona aibu haji, aliyemdhamini naye anakasirika haji, baada ya muda mnabaki mwenyekiti, katibu na mweka hazina mnaangaliana. Halafu watu hawajui kwamba kikundi cha kukopeshana kina sheria yake, ile ya huduma ndogo za fedha ya 2018, na ninyi mtahesabika kwenye lile daraja la nne la vikundi vya kijamii, mnatakiwa mjisajili kwa mlango huo. Sisemi vikoba ni vibaya, mke wangu kajenga kwa vikoba. Nasema anayetaka vikoba aende kwenye vikoba, msichanganye na hii.

Uchaguzi sasa. Diwani awe mlezi? Aisee. Leo diwani wa chama hiki, kesho anagombea mwingine ambaye na yeye ni mwanachama wenu, hapo mtagawanyika hata salamu mtanyimana. Diwani mualikeni siku ya kazi, ashike koleo kama wengine, apigwe picha aende. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji hao wapeni taarifa kila mara maana ndio wenye mtaa, na mkikusanyika bila wao kujua mnatengeneza maneno.

Usajili: kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza mnaenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mnabeba katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha na orodha ya wanachama, mnatambulika kama kikundi ngazi ya halmashauri. Ya pili ni jumuiya kamili kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, hii ni kama mnataka kukua mvuke mipaka ya mtaa. Nyie anzeni na ya kata. Lakini msijisajili mkitegemea mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi, ule ni nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Baba mwenye mvi na kitambi hayumo 😂

Kazi kwanza au usajili kwanza? Kazi. Kazi moja tu, inayoonekana kwa macho, yenye tarehe. Mambo manne kwa mpigo ndo yanawachosha, kila mtu anasubiri lake.

---

Bint Mpwapwa:

Samahani kaka zangu, kwani kwanini wanaume tu? Huduma ya mtaa ni ya wote, korongo likija halichagui.

---

Mhamiaji wa Nzuguni:

Dada Bint Mpwapwa swali zuri na hata mke wangu kaliuliza. Siku za kazi mtaani mnakaribishwa wote tena sana. Ila kile kikao tulitaka kiwe cha wanaume kwasababu wenzetu mna vikoba, mna upatu, mna kitchen party, mna jumuiya, mnaongea. Sisi sehemu yetu ya kuongea ni baa au gereji, na huko ukisema una shida ya mkojo usiku unapewa jina la utani mpaka ufe.

Katibu Mstaafu asante sana mkuu, hapo kwa diwani umeniokoa maana barua ilishaandikwa. Kazi moja yenye tarehe nimeielewa, sasa ipi?

---

Nesi wa Zamu ya Usiku:

Kaka Nzuguni umenigusa hapo kwenye mkojo wa usiku. Mimi ni muuguzi hapa hapa Dodoma, sitataja ninapofanyia. Kina mama wanakuja kliniki na mimba, wanakuja na watoto, kwahiyo presha yake tutaijua tu hata kama hakuifuata. Baba hana kinachomleta. Tunamuona kwa mara ya kwanza kabebwa na bajaji mdomo umekwenda upande, ukiuliza wakati gani mara ya mwisho alipima presha mke anasema hajawahi.

Kama mnataka kitu cha kufanya kila kikao na hakina gharama kubwa, nunueni mashine moja ya presha ya mkononi, ile ya kuvaa juu ya kiwiko siyo ya kwenye kifundo. Kabla kikao hakijaanza kila mtu anakaa dakika tano ametulia, hajavuta sigara, hajatoka kukimbilia bodaboda, miguu chini haijapishana, anapimwa anaandikiwa kwenye kidaftari chake. Ikionyesha 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti tofauti aende kituo cha afya, na msianze kupeana dawa za jirani! Hiyo tabia naijua, "mimi natumia hii nyeupe jaribu na wewe". Hapana jamani. Na ukishaanzishiwa dawa usiache kwasababu umejisikia vizuri, umejisikia vizuri kwasababu ya dawa.

Tezi dume: kuanzia miaka 50 ongea na daktari, kama baba yako au kaka yako aliugua saratani yake anza mapema zaidi, kwenye 45. Najua mnachokiogopa 🙄 kuna kipimo cha damu kinaitwa PSA, daktari ndo ataona kama na kile kingine kinahitajika. Wengi wanaokimbia kidole wanarudi wamebeba mpira wa mkojo.

Halafu kuna hili la mwisho sitaki mcheke. Dodoma tuna hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, na kila mtu hapa mjini akitaka kumtania mwenzake anamwambia wewe wa Mirembe. Matokeo yake mwanaume aliyepunguzwa kazi, halali, anakunywa asubuhi, hawezi kwenda kuomba msaada kwasababu ataonekana wa Mirembe. Kwenye klabu yenu mkiweza kuua huo utani tu mtakuwa mmefanya kazi kubwa kuliko hiyo sare.

Nyongeza kidogo, changieni damu. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, awe na miaka 18 mpaka 65 na kilo 50 kwenda juu, ale vizuri na anywe maji kabla. Kundi la wanaume thelathini mkigawana tarehe, kuna mama mtaani kwenu atajifungua salama kwa damu yenu na hamtajua ni nani.

---

Kijiwe cha Makole:

Nesi umenifanya nicheke halafu nikaacha kucheka. Hiyo mashine ya presha bei gani madukani?

---

Nesi wa Zamu ya Usiku:

Bei zinatofautiana, ulizia duka la vifaa tiba siyo kwa machinga, na ikague kwa kulinganisha na ya kituo cha afya kabla hamjaanza kuitegemea.

---

Mjukuu wa Reli:

Mimi naona mnaruka lile la historia kama vile ni pambo. Mwenye mada kasema watoto wasijione wapangaji, hiyo sentensi imenikaa. Babu yangu alikuwa mtu wa reli, reli ilifika Dodoma 1910 enzi za Mjerumani, mji wenyewe ndo ukaanza kujikusanya pale stesheni. Watu wanakuja hapa wanadhani Dodoma imeanza na Mtumba kwenye mji wa serikali, au sanasana 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie huku. Ugogo, nchi ya Wagogo, ulikuwepo, misafara kutoka pwani kwenda Ujiji ilikuwa lazima ipite hapa na ilipe hongo, yaani ushuru wa njia, ndo ipewe maji.

Wazee waliowauzia viwanja mmewauliza hata siku moja hiyo ardhi ilikuwa nini? Kama mzee ana miaka sabini na kitu alishakuwa na akili timamu kwenye Operesheni Dodoma, 1970 na 71, watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa na Mwalimu mwenyewe akaja kukaa Chamwino anafyatua matofali na watu. Wengine watakwambia walihama kwa furaha wengine watakwambia nyumba ilibomolewa, rekodini zote mbili bila kuwarekebisha. Simu kila mtu anayo. Kila kikao mzee mmoja apewe nusu saa, anarekodiwa, faili linahifadhiwa sehemu mbili siyo wasap tu maana wasap simu ikiibiwa na historia imeibiwa.

Na ulizieni Mtunya. Hiyo ni njaa iliyoanza vita ya kwanza ya dunia ikiendelea ikapitiliza baada yake, 1917 mpaka 1920. Majeshi, la Mjerumani na la Mwingereza, yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume kwenda kubeba mizigo, halafu mvua ikakata. Waliokuwa wakubwa wakati ule hawapo tena ila watoto wao walisimuliwa jikoni.

Safari nazo zipo za karibu. Kongwa siyo mbali, pale ndipo Waingereza walipokuja 1947 kulima karanga kwa matrekta mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, udongo ukikauka unakuwa mgumu kama zege na mvua haikuja kwa ratiba ya London, 1951 wakafunga na hasara ya mamilioni ya pauni. Miaka ya 60 hapo hapo Kongwa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wakapewa kambi, FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA, ZAPU, Samora Machel kawafundisha watu hapo. Mtoto wa darasa la sita mpeleke akaone makaburi yao. Mkiwa na uwezo zaidi nendeni Kolo kule Kondoa kwenye michoro ya miambani, UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2006, barabara ni lami mpaka Kondoa, mnapita ofisi ya mambo ya kale pale Kolo mnapewa muongozaji.

---

Mkulima wa Chemba:

Mjukuu wa Reli heshima yako kaka lakini mimi historia ya kusikiliza tu inanichosha, watu wanarekodi wazee halafu inaishia kwenye simu. Historia ifanye kazi.

Nitoe mfano wa kwetu. 2016 watu Chemba, Kondoa na upande wa Manyara walianza kuumwa, macho ya njano, matumbo kujaa, watoto ndo zaidi. Maneno yakawa mengi, wengine wakasema kurogwa. Ilikuja kujulikana ni sumukuvu, mahindi yalikuwa na ukungu. Wagonjwa 68, waliofariki 20. Ile sumu ukisaga inabaki, ukisonga ugali inabaki, haitoki kwa moto. Sasa waulize wazee wa zamani walikuwa wanakula nini, uwele na mtama, na walikuwa wanakausha vipi kabla ya kuweka ghalani. Hiyo ndo historia ninayoitaka mimi, unaisikia jumapili jumatatu unatandika turubai unaacha kuanika chini kwenye udongo.

Na ninyi wa mjini msidhani haliwahusu, mnanunua gunia la mahindi mnada wa Msalato mnaliweka stoo juu ya sakafu. Weka juu ya mbao, chagua punje zenye ukungu zilizovunjika utupe, usiwape kuku. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, ni mizuri kuzuia wadudu ila mahindi lazima yawe makavu kabisa, ukifungia mabichi umefungia ukungu ndani.

---

Mjukuu wa Reli:

Mkulima hapo tuko pamoja kabisa, wala hatubishani. Mzee akielezea njaa, swali la pili ni mlikula nini na mlihifadhi vipi.

---

Koplo Mstaafu 114:

Nimesoma yote. Nilikuwa kwenye uokoaji, nimestaafu, naongelea lile la nne maana naona kila mtu analigusa kwa pembeni.

Kujiandaa siyo kununua vifaa vya kwenye sinema. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima maeneo ya Igandu, ikarudi nyuma yenyewe ikagongana na ya mizigo, wakafa watu 281. Kwenye janga kubwa namna ile, porini, anayemfikia majeruhi mapema ni mwanakijiji na abiria mwenzake mzima. Desemba 2023 Hanang, Katesh, tope lilishuka kutoka mlimani, vilevile. Sisi wenye magari mekundu tunafika, ila dakika za kwanza ni zenu.

Kwahiyo mwenye mada ushauri wangu wa kazi moja yenye tarehe ni huu. Kabla mvua za Novemba Desemba hazijaanza, wanaume wote mnatembea mtaa mzima kwa miguu na kalamu. Mnaandika: korongo linapita wapi, nani kajenga kwenye njia ya maji, kalavati gani limeziba na taka, nyumba gani ina bibi anaishi peke yake, nyumba gani ina mtu hawezi kutembea, nani ana gari la kubeba mgonjwa usiku na namba yake, ngazi ndefu iko kwa nani, gari la zimamoto linaweza kupita uchochoro upi. Hiyo mnaichora kwenye karatasi kubwa nakala moja mnampa mtendaji. Wiki inayofuata mnazibua lile kalavati. Hapo tayari mmefanya huduma, mmefanya maandalizi, na mkimchukua mzee mwenyeji mkatembea naye atawaonyesha maji yalikuwa yanapita wapi kabla ya viwanja kupimwa, maana mzee anakumbuka mkondo ambao ramani imeusahau. Na mmetembea, nesi atafurahi.

Baada ya hapo mafunzo ya huduma ya kwanza. Ombeni zimamoto au msalaba mwekundu, andikeni barua kupitia mtendaji. Msifundishane wenyewe kwa video. Ila haya kila baba ayajue leo: mtu anavuja damu bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, bonyeza kwa nguvu usiachie kuchungulia. Ameungua, maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, siyo dawa ya meno, siyo yai. Najua maji Dodoma ni ya mgao, ndo uwe na dumu lako la akiba. Kaumwa na nyoka, usichane usinyonye usifunge kamba, mtulize asitembee, mguu usichezechezwe, hospitali haraka. Mafuta yameshika moto jikoni, funika na mfuniko, ukimwaga maji moto utakurukia usoni. Umenusa gesi, usiguse swichi ya taa hata kuzima, fungua milango, funga mtungi, tokeni.

Na la Juni Julai. Baridi ya Dodoma na upepo wake mnaijua, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wanafunga madirisha wanalala. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, haikuamshi. Mwambieni kila mpangaji, hasa wanafunzi wa vyuo wanaotoka mikoa ya joto.

Moto na uokoaji 114, polisi 112. Wekeni kwenye simu za watoto pia.

---

Kijiwe cha Makole:

Koplo unaandika kama unasoma amri ya jeshi lakini nimesevu yote.

---

Bint Mpwapwa:

Kwenye kuandika nyumba zenye mabibi tuiteni sisi, mnadhani mwanaume usiyejulikana ukigonga mlango wa bibi saa kumi na moja jioni na daftari atakufungulia? Atajua mnakagua nyumba ya kuiba.

---

Katibu Mstaafu:

😂😂 Dada kapatia. Halafu orodha hiyo msiiweke wasap hata kidogo, majina ya wanaoishi peke yao yakizagaa mnawatengenezea vibaka ramani. Nakala ya mtendaji na nyingine kwa katibu, kabatini, imekwisha.

---

Mhamiaji wa Nzuguni:

Wakuu nimeshindwa hata kuanza kushukuru. Nimeongea na mwenyekiti wetu tayari, barua ya diwani haiendi. Hisa na mikopo tunaitoa kwenye ajenda, anayetaka atafute vikoba. Kikao kijacho hakifanyiki ukumbini, tunatembea korongo na mzee wetu mmoja ambaye alichunga ng'ombe hapa hapa zamani, na akina mama watatu wa mtaa wameshakubali kuingia kwenye nyumba za mabibi. Mashine ya presha tunachanga kuanzia leo. Mzee wa sare nimemwambia sare ya kwanza ni gambuti, kakasirika kidogo.

Swali la mwisho kwa Koplo, kuna jamaa mmoja kajenga ukuta kabisa kwenye mkondo na ana kibali anasema. Tukifika kwake tunaongea nini?

---

Koplo Mstaafu 114:

Msiongee kitu kuhusu ukuta. Nyie siyo ardhi wala mahakama. Muombeni na yeye aje kutembea na ninyi mpaka juu linakoanzia korongo, akaone upana wake huko. Mengine muachieni mtendaji na watu wa mipango miji.